Wageni wapanda mlima, Chogoria yabaki na tope

*Sheria inawapa wanavijiji wa Meru, Tharaka-Nithi na Embu haki ya kujipatia riziki kutokana na matembezi katika misitu ya umma. Mbona pesa za wageni bado zinawapita juu kwa juu?*

Kukipambazuka Jumamosi ya kiangazi, matatu za kutoka Nairobi huwashusha vijana sokoni Chogoria, kaunti ya Tharaka-Nithi, kofia za sufu zimewafunika masikio na mikoba imewazidi migongo. Landrova kuukuu zinawangoja, injini zikinguruma. Pembeni wamesimama wapagazi, huyu na buti za mitumba, yule na gambuti, wakipima kwa jicho nani atabeba nini.

Kutoka hapo hadi lango la Hifadhi ya Kitaifa ya Mlima Kenya ni takriban kilomita 30, karibu zote za kupanda. Mashamba ya chai yanakwisha, msitu wa miti mikubwa ya asili unaanza, kisha mianzi inafunga barabara huku na huku. Upande huu wa mashariki hupokea mvua nyingi. Ikinyesha, abiria hushuka wakasukuma.

Lango liko mita 2,950 juu ya usawa wa bahari. Mgeni akifika hapo huwa ameshalipa kupitia eCitizen, jukwaa la serikali la malipo mtandaoni. Anaonyesha stakabadhi kwenye simu, anaandikwa, anapita. Pesa zake zilifika serikalini kabla yeye hajatoka nyumbani.

Siku tatu au nne baadaye wengi wao hawarudi hata Chogoria. Wakishafika kilele cha Lenana, mita 4,985, huteremkia upande wa pili, Sirimon, wakapanda gari Nanyuki na kurejea Nairobi. Mji uliowapokea hubaki na nauli ya Landrova, ujira wa wapagazi, bei ya chapati za asubuhi, na barabara iliyochimbwa na magurudumu.

Hapo ndipo ulipo mzozo. Haujafika kwenye mabango wala maandamano, lakini ukikaa na wapagazi, wakulima wa kando ya msitu au maafisa wa kaunti, hauchukui muda kujitokeza. Mlima ni mali ya umma. Umma upi unaokula?

Mlima mmoja, wenye funguo wawili

Kisheria Mlima Kenya si kitu kimoja. Sehemu ya juu, yaani nyika ya baridi, miamba na vilele, ni hifadhi ya kitaifa tangu 1949 na iko mikononi mwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Mkanda wa msitu unaouzunguka mlima, kutoka Meru hadi Tharaka-Nithi, Embu, Kirinyaga na Nyeri, ni wa Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Anayepandia Chogoria huanzia kwa KFS, akaishia kwa KWS.

UNESCO iliuingiza mlima na msitu wake wa asili katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997. Mwaka 2013 ikaongeza hifadhi ya Lewa na msitu wa Ngare Ndare, upande wa kaskazini.

Mgawanyo huo kati ya KWS na KFS una historia chungu. Mwaka 1999 KWS ilirusha ndege juu ya misitu ya Mlima Kenya, Imenti na Ngare Ndare ili kuhesabu uharibifu. Ripoti iliyotokana na kazi hiyo ilisema zaidi ya miti 6,700 ya kafuri, ile Wakikuyu waiitayo muthaiti, ilikuwa imeangushwa. Kulikuwa na matanuri ya makaa na mashamba ya bangi ndani kabisa ya msitu. Mwaka uliofuata, msitu wenyewe nao ulitangazwa hifadhi na kukabidhiwa KWS. Baadaye Sheria ya Misitu ya 2005 ikazaa KFS, na msitu ukarudi kwa watu wa misitu.

Mazoea ya wakati ule hayajaisha. Mwenye shoka anajulikana alilofuata msituni, na mwenye ng'ombe vilevile. Anayeonekana akitembea tu, mikono mitupu, ndiye wa kutiliwa shaka.

Kulala msituni si kosa

Wengi wa wanaopiga hema katika misitu hii, na baadhi ya wanaowafukuza, hawajaisoma Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016. Kifungu cha 64 kinakataza mtu kuwa ndani ya msitu wa umma kati ya saa moja jioni na saa kumi na mbili asubuhi. Watu huishia hapo. Lakini kifungu hichohicho kinamwondoa anayepita barabara au kijia kinachotambuliwa, na pia anayeshiriki shughuli za kitamaduni, za kisayansi au za burudani.

Kwa maneno mengine, aliyepiga hema kwa ajili ya kupumzika hayuko kundi moja na mpasuaji mbao wa usiku. Huyo wa pili anakabiliwa na faini isiyopungua Sh100,000 au kifungo kisichopungua miezi sita.

Cha muhimu zaidi kwa wanavijiji ni kifungu cha 49. Kinaorodhesha haki ambazo chama cha jamii cha misitu, ambacho kila mtu hapa hukiita CFA, kinaweza kupewa kikishaandikishwa na kutia saini makubaliano na KFS. Kuna kuokota kuni, kurina asali, kuchuma dawa, kukata majani na kulisha mifugo. Na katika orodha hiyohiyo, bila kufichwa popote, kuna utalii wa mazingira na burudani.

> Haki ya kujipatia riziki kutokana na matembezi msituni imo katika Sheria ya 2016. Kinachokosekana ni saini.

Hata hivyo, ukitaja CFA huku Meru watu hufikiria vitalu vya miche, malisho, na yale mashamba ya viazi yanayolimwa katikati ya miche michanga hadi miti ifunge kivuli. Hayo si mabaya. Mkulima wa Kibirichia anajua bei ya gunia la viazi. Bei ya kijia cha kutembelea haijui, na hakuna aliyemweleza.

Mimi naona hapa tumepindua mambo. Katika wote wanaoutumia msitu, mtu aliyekuja kutembea, kulala usiku mmoja na kuondoka ndiye mwenye madhara madogo kuliko wote, mradi asiwashe moto hovyo. Ndiye pia anayebeba pesa taslimu. Lakini ndiye tuliyemwekea utaratibu hafifu kuliko wote.

Somo la Karura

Upande wa serikali una hoja, na si hoja ya kupuuza. Malipo yakipitia eCitizen, mianya ya wizi langoni inapungua. Uokoaji mlimani una gharama kubwa, na mgeni aliyeshikwa na ugonjwa wa mwinuko usiku wa manane haulizi ni kaunti gani itamteremsha. Isitoshe, kila mwenye mkono akiruhusiwa kutoza ada yake, mpanda mlima atalipa kwa KFS, kwa KWS, kwa CFA, halafu kaunti nayo idai ushuru wa gari. Vikundi vya matembezi vya Nairobi, vilivyoongezeka sana tangu janga la korona lilipowafungia watu majumbani, tayari vinalalamikia gharama.

Mvutano huu tuliuona waziwazi Karura. Kwa zaidi ya miaka kumi, msitu huo wa Nairobi umeendeshwa kwa ubia kati ya KFS na chama cha Friends of Karura Forest. Ada ya langoni ilirudi palepale ikalipa walinzi na kutengeneza vijia. Agosti 2025 KFS iliagiza malipo yote yapitie eCitizen, na chama hicho kikaenda mahakamani.

Waliolishangilia agizo hilo walisema ada za msitu wa umma ni pesa za umma, basi ziende kwenye mfuko wa umma. Waliolipinga waliuliza ni nani atakayenunua mafuta ya gari la doria Jumatatu asubuhi. Katika safu hii nawaunga mkono wa pili, nikiwa na tahadhari moja: Karura ina wakazi wenye uwezo na wanasheria wa karibu. CFA ya kule juu Chuka ina daftari, mhuri na mwenyekiti anayelima majani chai. Kama Karura inaweza kupokonywa mkoba kwa waraka mmoja, Chuka haitajua hata waraka umetoka.

Katiba yenyewe, ibara ya 69, inaitaka Serikali ihakikishe faida zitokanazo na maliasili zinagawanywa kwa haki. Neno la kushikilia hapo ni faida. Kazi, yaani kupanda miche, kuzima moto na kufukuza wakata miti, imekuwa ikigawanywa siku zote.

Lango Meru, vitanda Nanyuki

Lango la Sirimon liko katika kaunti ya Meru, upande wa Buuri. Ni njia ya wanaoanza: inapanda polepole, vibanda vya Old Moses na Shipton's viko njiani, hali ya hewa ni kavu kuliko Chogoria. Lakini mgeni wa Sirimon hulala Nanyuki, hununua chakula Nanyuki na hukodi mpagazi Nanyuki, na Nanyuki ni mji wa Laikipia. Meru inalo lango, vitanda viko kwa jirani.

Timau, mji wa Meru ulio karibu, huonekana kupitia dirisha la gari. Mwaka 2010 Mwanamfalme William alimchumbia Kate Middleton huko Rutundu, kwenye miteremko ya upande huu, na dunia nzima ikasikia habari za Kenya. Ni wangapi walioambiwa kwamba hapo ni Meru?

Gavana hana uwezo wa kubadilisha ada ya Sirimon wala ya Chogoria. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti utalii wa ndani ya eneo lake na utekelezaji wa sera za kitaifa kuhusu misitu, si umiliki wa lango. Lakini barabara za vijijini, soko lenye maji na choo, leseni za nyumba za wageni na mahali salama pa kuegesha gari ni mambo ya kaunti. Lawama zote zikitupwa Nairobi, hayo husahaulika.

Ajabu ni kwamba ndovu walisikizwa mapema. Walipohitaji kupita kutoka msitu wa mlima hadi Ngare Ndare na Lewa, walijengewa njia chini ya barabara kuu ya Nanyuki–Meru, na mwaka 2011 wakaanza kuitumia bila kuitiwa mkutano wa hadhara.

Embu yataka njia yake

Embu ina kipande chake cha msitu wa Mlima Kenya, huko Irangi. Haina njia iliyozoeleka ya kufika kileleni. Njia tatu kuu ni Chogoria, Sirimon na Naro Moru, na kila moja imeleta hoteli, magari na wapagazi katika kaunti nyingine. Kwa miaka mingi viongozi wa Embu wamekuwa wakitaka njia ifunguliwe kupitia Irangi, na si vigumu kuelewa kwa nini. Mgeni wa Chogoria anayetoka Nairobi hupita katikati ya mji wa Embu, akasimama kununua maji, akaendelea.

Wahifadhi wanaogopa. Msitu wa kusini-mashariki ni mnene, una maji mengi, na mito inayotoka huko, kama Rupingazi na Thuci, hulisha Tana, ambayo nayo huendesha mabwawa ya umeme ya Masinga hadi Kiambere. Kijia kikishakatwa kwa ajili ya watalii hakichagui wapitaji. Mwenye msumeno naye atakiona.

> Embu haihitaji kilele. Inahitaji sababu ya kumfanya mgeni alale usiku mmoja.

Nimesikiliza pande zote mbili na msimamo wangu ni kwamba Embu inapigania kitu kisichoifaa. Njia mpya ya kileleni inataka vibanda, kikosi cha uokoaji, barabara na miaka ya kuzoeleka. Wanaofika Lenana ni wachache miongoni mwa wanaopenda kutembea. Familia iliyo na mtoto wa miaka minane haiendi mita 4,985. Inakwenda mahali penye mto, mianzi, ndege, kijia cha saa mbili na choo safi. Irangi inayo hayo yote, isipokuwa choo, tena bila kuugusa msitu wa juu.

Halafu kuna vilima. Kirimiri, karibu na Runyenjes, kina msitu na mapango waliyojificha wapiganaji wa Mau Mau. Karibu na hapo kuna kichaka cha Mwenendega, ambapo Waembu husimulia kwamba ndipo chimbuko lao lilipo. Kuna jabali la Karue kando ya barabara ya kwenda Meru, na upande wa Mbeere kuna Kiang'ombe, kilima chenye msitu kinachosimama peke yake juu ya nchi kavu. Vikundi vya vijana tayari vinakwenda huko kila mwisho wa juma. Wanalipa nini, kwa nani, na nani anaokota chupa wanazoacha? Maswali hayo yanaweza kujibiwa na kaunti na CFA bila kungoja ruhusa ya kilele.

Migongo ya Chogoria

Wapagazi ndio waliojenga jina la njia hii tangu miaka ya 1920, wakati Ernest Carr alipofungua barabara ya msituni na kujenga kibanda cha Urumandi. Vitabu humtaja Carr. Waliobeba mbao za kibanda hawatajwi.

Mmeru mmoja amejipenyeza katika kumbukumbu za wapanda milima: Ephraim M'Ikiara, ambaye miaka ya 1970 aliikwea miamba ya vilele peke yake, bila vifaa vya kisasa. Wazungu waliotumia fedha nyingi kununua kamba na buti bado humsimulia kwa mshangao. Sijaona sanamu yake popote Meru. Kisoi Munyao, aliyepandisha bendera Lenana usiku wa uhuru, Desemba 1963, angalau jina lake linafunzwa shuleni.

Mpagazi wa leo hupatana ujira wake na mwenye kampuni au moja kwa moja na mgeni. Mzigo hupimwa langoni, kama mizani ipo na kama kuna aliye tayari kuitumia. Kule Kilimanjaro, tangu 2003 kuna shirika, Kilimanjaro Porters Assistance Project, linalofuatilia kampuni kuhusu mishahara, chakula na mahali pa kulala wapagazi, na kuwatajia wageni kampuni zinazotimiza masharti. Chogoria inazo jumuiya zake za wapagazi na waelekezi. Orodha ya namna hiyo, inayoweza kumfanya mgeni wa Nairobi achague kampuni moja na kuacha nyingine, hainayo.

Na mlima wenyewe unabadilika. Mwaka 2022 UNESCO ilionya kwamba barafu ya Mlima Kenya, pamoja na ya Kilimanjaro, itakuwa imeyeyuka ifikapo 2050. Biashara iliyotegemea picha ya theluji itabidi iuze kitu kingine. Chogoria ina cha kuuza: Ziwa Ellis, maporomoko ya Nithi, bonde la Gorges na Ziwa Michaelson lililolala chini ya ukuta wa mwamba. Wanaoijua milima ya Afrika huitaja njia hii miongoni mwa zinazopendeza kuliko zote barani.

Wazee, wakulima na moto

Kuna sauti mbili ambazo mikutano ya utalii huzisahau. Ya kwanza ni ya wazee. Baraza la Njuri Ncheke limelinda vichaka na maji ya Meru tangu kabla ya KFS kuzaliwa, kwa viapo na kwa miiko. Ziwa Nkunga, ndani ya msitu wa Imenti, si kidimbwi cha kuogelea kwa wenyewe, na spika ya muziki ukingoni mwake ni tusi. Mwelekezi kijana wa kutoka mjini hajui hivyo asipoambiwa.

Ya pili ni ya mkulima wa mpakani. Ua wa umeme ambao shirika la Rhino Ark lilianza kuuzungusha mlimani mwaka 2012 umewapa wengi usingizi, kwa sababu ndovu hawaji tena shambani kama zamani. Lakini ua ukipita, njia za miguu hufungwa na malango huwa machache. Kijiji kilicho mbali na lango kimepoteza kuni na kimepoteza wageni.

Kuhusu moto hakuna pande mbili. Kati ya Januari na Machi nyika ya juu hukauka, na hekta nyingi zimewahi kuteketea, kama mwaka 2012 na tena 2019. Wanaopanda juu kuzima, wakiwa na matawi na mapanga, ni haohao wanachama wa CFA wasiopata senti ya lango. Plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi tangu Juni 2020, lakini chupa bado hupita mikobani.

KFS inaweza kuanza na jambo dogo mwaka huu: itie saini makubaliano ya burudani na CFA tatu tu, Chogoria, Irangi na moja ya upande wa Timau, itaje ndani yake asilimia itakayorudi kijijini, na ibandike asilimia hiyo langoni kila mtu aione.

Nawe msomaji unayepanga kupanda Januari, lala Chogoria au Timau usiku wa kwanza. Nunua mboga na mkate hukohuko. Patana ujira na mpagazi kabla mkoba haujainuliwa, beba jiko la gesi, na uulize langoni CFA ya hapo inaitwaje na mwenyekiti wake ni nani. Wakikosa jibu, andikia KFS.